Usipige Fomati Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Eneokazi la Linux Lililovurugika

Ukurasa huu ni wa mtu aliyewasha kompyuta yake asubuhi akakuta paneli imehama, aikoni zimerundikana pembeni kama abiria waliosubiri matatu kwenye mvua, au skrini nzima ni tupu. Nimeukusanya kutokana na maswali ninayoletewa mezani kwangu Ngara, Nairobi, mengi na wanafunzi, walimu na wenye saiba (maduka ya intaneti). Ninaposema eneokazi nina maana ya ule uso unaokukaribisha ukishaingia: picha ya nyuma, aikoni, paneli yenye menyu na saa, na jinsi madirisha yanavyokaa.

Fundi, eneokazi langu limevurugika. Je, faili zangu zimepotea?

Karibu kila mara, hapana. Faili zako na mpangilio wa eneokazi ni vitu viwili. Picha za harusi, tasnifu, stakabadhi za kodi za KRA na nyimbo za kwaya zimo katika folda zako za kawaida. Paneli ikae juu au chini, aikoni ipi iwe wapi, saa ionekane au isionekane, hayo yameandikwa katika vijifaili vidogo sana, vingi havifiki ukubwa wa picha moja ya simu. Kijifaili kikiharibika, uso wa kompyuta unavurugika, lakini mali iliyo ndani ya nyumba haijaguswa.

Hakikisha mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja ili terminali (dirisha la kuandikia amri) ifunguke, kisha uandike:

`ls ~/Documents ~/Pictures ~/Downloads`

Ukiona majina ya faili zako, tulia. Kazi iliyobaki ni ya dakika chache.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona likiliza watu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne alipotelewa na paneli ya chini tu. Akaipeleka laptopu kwa fundi aliyekuwa karibu na hosteli, fundi akamwambia dawa ni kupiga fomati, na kwa shilingi mia tano mradi wa mwaka mzima ukafutika. Aliponifikia nilijaribu kurejesha kilichorejesheka, tukapata vipande visivyofunguka. Tatizo lake la awali lilihitaji amri nne. Ndiyo maana majibu mengi ya humu huhamisha faili ya zamani kando, au huinakili, kabla ya kurekebisha chochote.

Huo mpangilio unakaa wapi hasa?

Ndani ya folda yako ya nyumbani kuna folda zilizofichwa, ambazo majina yake huanza na nukta. Inayotuhusu zaidi ni `.config`. Fungua meneja wa faili, bonyeza Ctrl na H, utaiona. Linux ina maeneokazi ya aina mbalimbali, na kila moja lina mahali pake. Xfce huweka mambo yake ndani ya `.config/xfce4`. KDE Plasma hutumia faili yenye jina refu ajabu, `plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc`. GNOME, Cinnamon na MATE hutumia daftari moja liitwalo dconf, lililo katika `.config/dconf/user`. Hilo la mwisho si maandishi ya kawaida, kwa hiyo usilifungue kwa kihariri.

Kabla hujaandika amri yoyote, jua hili. Alama `~` ina maana ya folda yako yote ya nyumbani. Mtu akikuelekeza uandike `rm -rf ~/.config` nawe kidole kikateleza ukaacha nafasi baada ya mkwaju (/), ukaandika `rm -rf ~/ .config`, umefuta nyumba nzima: picha, tasnifu, vyote. Terminali haina pipa la taka la kuokotea. Kwa sababu hiyo sitakupa `rm` popote katika ukurasa huu. Tutatumia `mv`, ambayo huhamisha, na kilichohamishwa hurudi.

Nitajuaje ninatumia eneokazi gani? Mimi najua tu ni Linux.

Hujakosea, wengi wananunua laptopu Luthuli Avenue au Moi Avenue ikiwa imeshawekewa mfumo tayari, na muuzaji haelezi zaidi. Andika:

`echo $XDG_CURRENT_DESKTOP`

Jibu litakuwa XFCE, KDE, X-Cinnamon, MATE, au kitu kama ubuntu:GNOME. Linakili mahali, kwa sababu dawa ya moja haitibu nyingine. Kisha andika `echo $XDG_SESSION_TYPE` ujue kama uko kwenye x11 au wayland, njia mbili ambazo Linux hutumia kuchora madirisha kwenye skrini; utalihitaji hilo huko chini.

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika kabisa. Ukisakinisha eneokazi la pili juu ya la kwanza, skrini ya kuingilia hukupa nafasi ya kuchagua, mara nyingi kupitia kialama cha gia karibu na nenosiri. Ukikibofya bila kujua, unaingia nyumba nyingine na kudhani ya kwako imebomolewa. Toka, chagua lile la zamani, ingia tena. Hili lijaribu kabla ya mengine yote.

Jana stima ilipotea nikiwa kazini. Nilipowasha tena, paneli haipo na mipangilio imerudi kama mashine mpya. Kuna uhusiano?

Upo, na ndiyo sababu kubwa ninayokutana nayo hapa mjini. Laptopu nyingi tunazotumia ni za mitumba, zile ex-UK, na betri zake huwa zimechoka au hazishiki moto hata dakika mbili. Laptopu ya namna hiyo ni sawa na kompyuta ya mezani: stima ikienda, inazima pale pale.

Sasa fikiria kilichokuwa kikitendeka ndani. Eneokazi huandika mipangilio yake mara kwa mara bila kukuuliza. Programu huweza kuifuta faili ya zamani na kuanza kuandika mpya. Diski nayo haipokei kila kitu papo hapo. Data hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha hushushwa. Stima ikikatika kati ya hatua hizo mbili, faili hubaki na jina lake lakini ndani ni tupu. Eneokazi likiamka, linasoma faili tupu, halikuti maagizo, linaanza upya kama siku ya kwanza. Mfumo wa faili wa ext4 unaotumiwa na Ubuntu na Mint (aina mbili za Linux) huweka kumbukumbu ya shughuli zake ili diski isivurugike nzima, lakini hilo linalinda muundo wa diski kuliko yaliyomo kwenye kila faili.

Cha kufanya: zima na uwashe mara moja kwa utaratibu. Ikiwaka salama, angalia nafasi ya diski:

`df -h ~`

Ukiona 100%, eneokazi halina pahali pa kuandika mipangilio na litavurugika kila siku hata stima isipopotea. Punguza mzigo kwa `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` (neno `sudo` huomba ruhusa ya msimamizi, nalo hutaka nenosiri lako), kisha hamisha video kwenye diski ya nje. Tazama pia faili iitwayo `.xsession-errors` ndani ya folda ya nyumbani. Nimeikuta ikiwa imefura hadi magigabaiti kwa sababu programu moja ilikuwa inalalamika mfululizo.

Ikiwa badala ya kuwaka unaona skrini nyeusi yenye maandishi yanayoishia na neno initramfs, hapo diski yenyewe inahitaji kukaguliwa. Andika `exit`, mfumo utakutajia sehemu yenye hitilafu, mathalani /dev/sda2. Andika `fsck -y /dev/sda2` ukitumia jina ulilotajiwa, ikimaliza andika `reboot`. Diski ikirudia hali hiyo wiki baada ya wiki bila stima kukatika, inakufa: nakili faili zako leo hii.

Na ukipata hela, nunua betri nyingine kabla ya kununua RAM. Nawaambia hivyo hata wateja wasiotaka kusikia.

Menyu haipo, paneli haipo, hata terminali haifunguki. Nitaandikaje amri?

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Katika laptopu nyingine lazima uongeze Fn. Utaona skrini nyeusi inayokuomba jina la mtumiaji na nenosiri. Nenosiri halitaonekana ukiliandika, hata nyota hazitokei, nawe usishtuke. Ukimaliza kazi, rudi kwa Ctrl, Alt na F1, F2 au F7, kutegemea mfumo.

Ukiwa hapo unaweza kufanya kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Katika Ubuntu, Mint au Debian, tengeneza mtumiaji mpya:

`sudo adduser jaribio`

Toka, ingia kama jaribio. Eneokazi lake likiwa zuri, basi mfumo ni mzima na ugonjwa uko ndani ya folda yako ya nyumbani, katika vile vijifaili. Likiwa limevurugika vile vile, ugonjwa uko kwenye mfumo wenyewe, mara nyingi programu iliyosakinishwa nusunusu au kiendeshi cha kadi ya picha. Kipimo hiki cha dakika tatu kinaokoa saa nzima ya kubahatisha. Ukimaliza, mwondoe kwa `sudo deluser --remove-home jaribio`, na soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Natumia Xfce. Paneli imepotea au imejaa takataka. Nairudishaje?

Xfce ndiyo ninayoweka kwenye mashine za RAM ndogo, kwa hiyo swali hili ninaliona sana. Ikiwa paneli imehama tu, huenda mtoto aliivuta kwa kipanya. Ibofye kulia, nenda kwenye Panel Preferences, toa alama ya kufunga paneli, ivute hadi mahali pake, halafu uirudishe alama hiyo. Usisahau kuirudisha, la sivyo kesho mtoto ataivuta tena.

Ikiwa imeharibika kweli, fungua terminali ukiwa ndani ya eneokazi uandike moja baada ya nyingine:

`xfce4-panel --quit`

`pkill xfconfd`

`mv ~/.config/xfce4/panel ~/panel-ya-zamani`

`mv ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml ~/panel-ya-zamani.xml`

Kisha bonyeza Alt na F2, andika `xfce4-panel`, Enter. Paneli itaamka ikiwa mpya. Ile amri ya pili ndiyo watu huiacha, halafu wanashangaa uchafu ule ule ukirudi. Xfconfd ni karani anayeshika mipangilio kichwani. Usipompumzisha, ataiandika tena ile ya zamani juu ya kazi yako. Amri ya tatu ikikujibu kwamba folda haipo, endelea tu.

Kuna uvurugikaji mwingine wa Xfce unaofanana na huu lakini si huu: madirisha yamepoteza vichwa vyake, huwezi kuyavuta wala kuyafunga, na kila kitu kimejibana kona ya juu kushoto. Hapo paneli haina kosa. Aliyeanguka ni msimamizi wa madirisha. Alt na F2, andika `xfwm4 --replace`, na vichwa vitarudi. Ili isijirudie kila unapowasha, fungua Session and Startup, nenda kwenye Saved Sessions, ufute kikao kilichohifadhiwa. Kikao kibovu kikihifadhiwa mara moja hukufuata kila asubuhi.

Na Linux Mint yenye Cinnamon?

Waundaji wa Mint wamefikiria hili vizuri. Bonyeza Ctrl, Alt na Esc: Cinnamon inajiwasha upya na madirisha yako yanabaki wazi. Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, bofya paneli kulia, ingia Troubleshoot, utaona nafasi ya kurudisha mipangilio yote ya awali. Kabla ya kuichagua, hifadhi nakala ya ulivyokuwa:

`dconf dump /org/cinnamon/ > ~/cinnamon-ya-zamani.dconf`

Paneli ikiwa haipo kabisa ya kubofya, amri ya `dconf reset -f /org/cinnamon/` hufanya kazi hiyo hiyo.

Ubuntu yangu ilijisasisha usiku. Asubuhi upau wa kushoto umebadilika na baadhi ya vitu havipo.

Ubuntu imetumia GNOME tangu toleo la 17.10 la mwaka 2017, na GNOME ina viendelezi, vipande vidogo vinavyoongezwa na watu wa nje. Kila kiendelezi hutaja kinaelewana na matoleo gani ya GNOME. GNOME ikipanda ngazi kabla ya kiendelezi, kinazimwa au kinaleta vurugu. Vizime vyote kwanza uone:

`gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions true`

Eneokazi likitulia, mwizi yumo humo. Rudisha kwa kuandika `false` mahali pa `true`, kisha viwashe kimoja kimoja hadi umpate.

Ikiwa shida ni upau peke yake, `dconf reset -f /org/gnome/shell/extensions/dash-to-dock/` huurudisha ulivyozaliwa. Ushauri wa Alt na F2 kisha herufi r, ambao utauona kila mahali, hufanya kazi kwenye x11 tu. Kwenye wayland lazima utoke na uingie tena.

Mambo yakiwa mabaya kiasi cha kutoingilika, toka kabisa, nenda Ctrl, Alt na F3, uandike `mv ~/.config/dconf/user ~/dconf-ya-zamani`. Ujue kwamba hilo huondoa mipangilio yote ya programu zinazotumia dconf, hata mipangilio ya kibodi na picha ya nyuma. Ni dawa kali, iache iwe ya mwisho.

KDE Plasma?

Toka kwanza, kwa sababu Plasma ikiwa hai huweza kuandika mpangilio mbovu upya inapofungwa. Ukiwa kwenye skrini ya kuingilia, nenda Ctrl, Alt na F3:

`mv ~/.config/plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc ~/plasma-ya-zamani`

Rudi uingie. Paneli itakuwa ile ya awali. Mpangilio wa skrini mbili katika Plasma ya x11 umeandikwa kwingine, ndani ya `.local/share/kscreen`, paneli ikipotea baada tu ya kuchomoa skrini ya pili, hamisha folda hiyo pia.

Na MATE?

`dconf reset -f /org/mate/panel/` kisha Alt na F2, `mate-panel --replace`. Jina hilo ni la mmea wa Amerika Kusini ambao watu wa huko huchemshia kinywaji. Wala si mate ya mdomoni, kama ninavyoulizwa.

Kila tukichomeka projekta kanisani, nikirudi nyumbani aikoni zote zimejazana upande mmoja. Kwa nini?

Kwa sababu projekta nyingi za zamani zina skrini ndogo kuliko laptopu yako. Tuseme laptopu ina nukta 1366 kwa 768, projekta ina 1024 kwa 768. Ukichagua zote zionyeshe picha moja, mfumo hushusha laptopu ilingane na projekta. Aikoni zilizokuwa ukingoni mwa kulia hazina tena pa kukaa, zinasukumwa ndani. Ukichomoa, nafasi inarudi ila aikoni hazikumbuki zilikotoka. Xfce hujaribu kusaidia kwa kuweka faili tofauti ya nafasi za aikoni kwa kila ukubwa wa skrini, ndani ya `.config/xfce4/desktop`. Ndiyo maana wakati mwingine zikirudi zinarudi sawasawa, na wakati mwingine zinarudi vile zilivyokuwa mwaka jana.

Kinga ni kutumia skrini mbili tofauti badala ya kuakisi. Super (kitufe chenye alama ya Windows) na P hubadilisha kati ya hali hizo katika GNOME na Xfce. Nyimbo ziende kwenye projekta, eneokazi lako libaki kwenye laptopu, na waumini pia hawataona jumbe zako zikiingia katikati ya ibada.

Ikiwa dirisha limebaki kwenye skrini ambayo haipo tena, katika GNOME lichague kwa Alt na Tab, kisha ubonyeze Super, Shift na mshale wa kushoto au kulia. Na ikiwa mfumo unaendelea kuamini kwamba projekta iko, hamisha kumbukumbu yake: `mv ~/.config/monitors.xml ~/monitors-ya-zamani.xml` kwa GNOME, au `cinnamon-monitors.xml` kwa Cinnamon. Toka, ingia.

Skrini imelala ubavu.

Kwenye x11, andika `xrandr -o normal`. Laptopu zenye kihisi cha kugeuka hufanya hivyo zenyewe ukiziinua. Zima mzunguko wa skrini kwenye mipangilio ya haraka.

Ghafla eneokazi limejaa kila kitu: Documents, Music, faili ambazo sijawahi kuziweka hapo.

Hii huwatisha watu sana, ilhali ni hadithi fupi. Eneokazi huonyesha yaliyomo katika folda moja, kwa kawaida Desktop. Ukiifuta folda hiyo au kuibadilisha jina, ukiingia tena mfumo haukuti Desktop, basi unaamua kwamba folda yako nzima ya nyumbani ndiyo eneokazi. Faili hazijahama hata hatua moja. Umefunguliwa dirisha kubwa zaidi.

Hatari iko hapa: mtu akiona "takataka" hizo anaanza kuzifuta ili asafishe, kumbe anafuta nyaraka zenyewe. Usifute chochote. Andika:

`mkdir -p ~/Desktop`

`xdg-user-dirs-update --set DESKTOP "$HOME/Desktop"`

Toka na uingie. Hali hii hutokea pia ukibadilisha lugha ya mfumo, kwa kuwa baadhi ya mifumo hukuuliza kama majina ya folda nayo yabadilishwe. Mimi hujibu hapana. Lugha ya menyu naibadilisha nipendavyo, majina ya folda nayaacha.

Ninaandika nenosiri sahihi, skrini inapepesa, narudishwa pale pale pa kuingilia.

Angalia vitu viwili kupitia Ctrl, Alt na F3. Cha kwanza ni diski kujaa, tumeshasema. Cha pili ni umiliki. Ukifungua programu ya madirisha kwa `sudo`, inaweza kuacha faili zako zikiwa mali ya root, yule msimamizi mkuu wa mfumo, nawe ukafungiwa nje ya nyumba yako. Tazama kwa `ls -la ~`. Ukiona root mahali pa jina lako kwenye `.Xauthority` au `.config`, rekebisha:

`sudo chown -R "$USER":"$USER" ~/.config ~/.Xauthority`

Nimeweka Fedora na aikoni hazikai kwenye eneokazi hata nikiziburuta. Imeharibika?

Haijaharibika. GNOME iliondoa aikoni za eneokazi katika toleo la 3.28, mwaka 2018, na Fedora hufuata GNOME ilivyo. Ubuntu huzirudisha kwa kiendelezi chake. Nawe unaweza kuweka kiendelezi kama hicho, au ukazoea.

Nina Timeshift. Si inatosha kurudi nyuma siku moja?

Kwa tatizo hili, mara nyingi haitoshi. Timeshift huhifadhi mfumo, na kwa kawaida huziacha folda za nyumbani nje. Mpangilio wa eneokazi umo nyumbani. Utarudi nyuma siku moja na paneli itabaki imevurugika vile vile. Timeshift ni nzuri pale kipimo cha mtumiaji jaribio kimeonyesha kwamba mfumo wenyewe ndio mgonjwa.

Nitahitaji bando?

Kwa karibu yote niliyoyaeleza, hapana. Intaneti utaihitaji ukitaka kusakinisha upya kipande kilichoharibika, mathalani `sudo apt install --reinstall xfce4-panel`.

Nina saiba Kawangware, mashine kumi. Wateja huvuruga kila siku. Nifanyeje?

Usikimbizane na kila paneli. Tengeneza mtumiaji mmoja aitwaye mteja, asiye na ruhusa ya sudo, umpange eneokazi lake vizuri: kivinjari, programu ya kuandikia, printa, basi. Kisha chukua kielelezo:

`sudo rsync -a /home/mteja/ /srv/kielelezo/`

Kila usiku, au kila mteja akiondoka, akaunti hiyo ikiwa imetoka, rudisha:

`sudo rsync -a --delete /srv/kielelezo/ /home/mteja/`

Mikwaju ya mwishoni ina maana, usiiache. Amri hii ya pili hufuta kila kilichoongezwa, na hilo ndilo tunalotaka. Bandika tangazo ukutani ili mteja ajue atume kazi yake kwa barua pepe au aibebe kwenye flashi kabla ya kuondoka.

Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Watu huja saiba na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, fomu za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), wanavipakua na kuviacha kwenye eneokazi. Anayekalia kiti hicho baada yao anaviona vyote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, kitambulisho cha mama wa watu hakistahili kubaki wazi kwenye skrini. Kuendesha `rsync` jioni kunapanga paneli na kumlinda mama huyo kwa mpigo mmoja.

Limekaa sawa sasa. Nitalihifadhije lisinisumbue tena?

Siku eneokazi liko kama unavyolipenda, ndiyo siku ya kuchukua nakala.

`tar czf ~/eneokazi-zuri.tar.gz -C ~ .config`

Peleka faili hiyo kwenye flashi. Ninaifunga katika `tar` kwa sababu flashi nyingi ni FAT32, ambayo haihifadhi umiliki wa faili za Linux; ila kumbuka haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kwa GNOME, Cinnamon na MATE, ongeza `dconf dump / > ~/mipangilio.dconf`, kurudisha ni `dconf load / < ~/mipangilio.dconf`.

Tahadhari: kivinjari cha Chrome huweka wasifu wake ndani ya `.config`, pamoja na nywila ulizokihifadhisha. Nakala hiyo usimpe mtu, hata rafiki aliyependa mandhari yako akaomba ayaweke kwake.

Nimejaribu, sijaweza. Nikimpelekea fundi nimwambie nini?

Mwambie kabla hajaishika: "Usifute kitu, nakili kwanza." Mwombe aiwashe kwa flashi yenye Linux, afungue diski yako, anakili folda yote ya `/home` kwenye diski ya nje uliyokuja nayo, pamoja na folda zilizofichwa. Ikiwa ulichagua kuisimba diski wakati wa kusakinisha, atakuhitaji uandike nenosiri lake. Liandike wewe mwenyewe. Fungua picha mbili tatu na hati moja kutoka kwenye nakala, uone zinafunguka. Baada ya hapo, hata akipendekeza fomati, unaweza kukubali ukiwa na moyo mkunjufu.

Gigabaiti 40 kupitia USB 2 huchukua kama nusu saa. Akikuambia hana muda huo, chukua mashine yako uende kwa mwingine. Akikubali, vuta stuli ukae hapo hapo hadi upau ufike mwisho.